“Sikufunga Breki Mimi”

Mwezi Septemba mwaka jana, saa kumi za jioni, tulikuwa tumeshaipita Ikungi tukielekea Singida mjini. Usukani ulikuwa mikononi mwa mwenzangu wa kazini, mwalimu wa hesabu, mtu wa taratibu ambaye wanafunzi humsema kwamba hata akikimbizwa na nyuki atawasha kwanza taa ya ishara. Barabara ilikuwa nyeupe. Upepo wa kwetu, ule ambao wageni huulalamikia siku ya kwanza na kuusahau siku ya tatu, ulikuwa ukivuma kwa mikupuo. Ghafla kisulisuli cha vumbi kikanyanyuka shambani na kukatiza barabara mbele yetu. Gari lilipiga ukelele, taa nyekundu ikamemeta kwenye dashibodi, na breki zikafunga kwa nguvu hata mkanda ukanikata pumzi. Mwenzangu hakuwa amekanyaga breki. Mguu wake ulikuwa bado juu ya kanyagio la mafuta. Kisha tukasikia kishindo nyuma.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akitufuata kwa karibu, gunia la alizeti likiwa limefungwa nyuma yake, alikuwa amelala pembeni mwa lami, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Alizeti ilikuwa imetapakaa hadi upande wa pili wa barabara. Askari wa usalama barabarani alipofika, alipima kwa utepe, akachora ramani yake, kisha akamgeukia mwenzangu: “Mwalimu, ulifunga breki kwa sababu gani, na mbele hakukuwa na kitu?”

“Afande, sikufunga breki mimi.”

Askari alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyepatwa na mshituko, akaandika kwamba dereva alifunga breki ghafla bila sababu ya msingi. Simlaumu. Fomu aliyokuwa nayo ina nafasi ya jina la dereva, namba ya leseni yake na maelezo yake. Haina nafasi ya kuandika kwamba aliyeamua alikuwa mwingine.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jambo hili, kwa kuanza na ujinga wangu mwenyewe. Kama wasomi wengi wa nchi hii, nilidhani kwamba mjadala wa magari yanayoongozwa na akili unde (wengine wanasema akili mnemba, wengine bandia, ugomvi huo wa majina nauachia wanaisimu) ni mjadala wa California, nasi tutaujali siku teksi isiyo na dereva itakapoegeshwa nje ya stendi ya Misuna. Nilikosea. Mashine hizo zimeshafika, ila hazikuja zikiwa nzima. Zimekuja vipande vipande, ndani ya magari yaliyotumika.

Hesabu yake ni nyepesi. Subaru ilianza kuuza nchini Japani magari yenye kamera mbili juu ya kioo cha mbele, zinazopima umbali na kufunga breki, mwaka 2008. Toyota ilianza kusambaza mfumo wa namna hiyo katika magari yake ya kawaida mwaka 2015. Tangu Novemba 2021, serikali ya Japani imelazimisha modeli mpya za magari madogo zinazouzwa huko ziwe na breki inayojifunga yenyewe wakati wa dharura. Gari la mwaka 2015, ambalo Tokyo ni zee, kwenye yadi za Dar es Salaam ni gari zuri la mtumishi aliyepata mkopo. Kwa hiyo kila mwaka unaopita, sehemu kubwa zaidi ya magari yanayoshuka bandarini inakuja na jicho na uamuzi wake, huku maonyo yake yakiandikwa na kutamkwa kwa Kijapani. Magari ya IT, haya yanayopita Manyoni, Singida na Shelui kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, huendeshwa na madereva waliokabidhiwa ufunguo bandarini siku hiyo hiyo. Ukimuuliza mmoja wao kile kitufe chenye picha ya gari na vistari viwili kina kazi gani, atakujibu kwa uaminifu kwamba hajawahi kukigusa.

Wataalamu wameyapanga magari kwa ngazi sita, kuanzia sifuri hadi tano. Ngazi ya tano ni gari linalokwenda popote na wakati wowote bila binadamu, nalo bado halijauzwa mahali popote duniani. Ngazi ya nne ndiyo teksi zisizo na dereva za San Francisco na Phoenix, zinazofanya kazi ndani ya maeneo maalumu yaliyochorwa kwa ramani za kina. Ya pili hushika usukani na mwendo kwa pamoja, lakini humtaka dereva awe macho muda wote. Na breki iliyotufunga sisi pale Ikungi iko ngazi gani? Sifuri. Kwa kuwa huingilia kati kwa sekunde chache tu na kuondoka, kanuni zao zinahesabu kwamba dereva ndiye aliyekuwa akiendesha wakati wote. Kwa hiyo mwenzangu hakubishana na askari peke yake. Alikuwa akibishana na ufafanuzi uliokubaliwa na dunia nzima, kwamba zile sekunde mbili zilikuwa zake.

Nisieleweke vibaya. Nimezaliwa chini ya mlima Sekenke, Iramba, na utoto wangu wote nimesikia milio ya malori yakishuka zile kona kwa gia nzito. Nimeona pia yale yaliyoshindwa kushuka. Tulikuwa tukienda kuokota sukari na mchele uliomwagika kabla watu wazima hawajatufukuza ili tusione kilichokuwa ndani ya kabini. Sihitaji mtu wa kunieleza kwamba binadamu ni dereva mbaya, kwamba anachoka, anakunywa, anasinzia, anashindana na basi la kampuni nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Breki inayojifunga yenyewe imeokoa watu wengi, na ningependa kila lori linaloshuka Sekenke liwe nayo. Mtu anayepinga teknolojia hii kwa hofu tu ana deni la kuwajibu wajane wa barabara kuu.

Shida yangu ni mbili. Kwanza, mashine hii ilisomea wapi? Pili, ikikosea, nani anasimama kizimbani?

Juu ya kusomea. Mashine haioni barabara kama unavyoiona wewe. Imeonyeshwa mamilioni ya picha ambazo juu yake mtu amechora mistari na kuandika: hili ni gari, huyu ni mtu, ule ni mti. Mwaka 2018 BBC ilitangaza habari za vijana wa Kibera, Nairobi, walioajiriwa na Samasource kuifanya kazi hiyo: kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, wakiizungushia mistari picha baada ya picha za barabara za watu wengine, ili magari ya kampuni za mbali yajifunze kuona. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, nikaona kwamba vijana wetu nao wamo. Leo naisoma kwa jicho jingine. Macho ni ya Kibera, lakini barabara iliyomo kwenye picha si ya Kibera, wala ya Ikungi. Haina punda anayekokota mkokoteni wenye mapipa ya maji, wala ng'ombe mia mbili wanaovuka na mtoto wa miaka tisa nyuma yao, wala kisulisuli cha Septemba. Vitabu vya maelekezo vya magari yenyewe huonya kwamba mvuke, moshi na vumbi vinaweza kuihadaa kamera. Onyo hilo lipo, limechapwa, tena kwa Kijapani.

Mnamo Machi 18, 2018, usiku, katika mji wa Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mama mmoja wa miaka 49 aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichunguza na kukuta kwamba mashine ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, muda wa kutosha kabisa kusimama. Lakini ilibabaika. Ilimwita gari, ikamwita kitu kisichojulikana, ikamwita baiskeli, na kila ilipobadili jina ilianza upya kukisia anakoelekea. Chanzo kimojawapo kilikuwa hiki: waliotengeneza programu ile hawakuweka ndani yake wazo kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Nawaomba wasomaji wangu wa Singida, Kahama na Nzega wausome tena mstari huo. Hebu hesabuni kati ya Manyoni na Shelui ni mara ngapi mmemwona mtu akivuka kwenye alama za pundamilia, na mara ngapi mmemwona akivuka pale njia ya shambani kwake inapokutana na lami.

Na nani alisimama kizimbani Arizona? Waendesha mashitaka walisema mwaka 2019 kwamba hawakuona msingi wa kuishitaki kampuni kwa jinai. Aliyeshitakiwa ni mwanamke aliyekuwa ameketi nyuma ya usukani kama msimamizi. Hakuwa ameielekeza mashine kwa lolote, na kosa lake la kweli, ambalo silitetei, lilikuwa kutotazama mbele. Mwaka 2023 alikiri, akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Kampuni yenyewe ilikuwa imeizima breki ya dharura iliyotoka kiwandani na gari lile, isifanye kazi wakati kompyuta inapoongoza. Aliyeamua kuizima hakufikishwa popote.

Lakini sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda Arizona. Tuna kaburi letu wenyewe la mashine inayojiamulia, nalo liko karibu na Bishoftu, Ethiopia.

Tarehe 10 Machi, 2019, asubuhi, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari namba 302, iliruka Addis Ababa kwenda Nairobi ikiwa na watu 157. Wakenya walikuwa 32, idadi kubwa kuliko ya taifa jingine lolote. Baada ya dakika sita hivi ilikuwa imezama ardhini. Ndege ile, Boeing 737 MAX, ilikuwa na programu iliyoitwa MCAS, kazi yake ikiwa kusukuma pua ya ndege chini kila ilipodhani kwamba imeinuka kupita kiasi. Ilidhani hivyo kwa kusikiliza kihisio kimoja tu, ingawa ndege ilikuwa navyo viwili. Kihisio hicho kiliharibika, kikatoa taarifa ya uongo, na programu ikaiamini. Marubani waliinua, mashine ikashusha. Wakazima umeme wa mfumo ule kama walivyoelekezwa, na gurudumu la mkono likawa gumu kuzungusha kwa sababu ya kasi. Walipouwasha tena umeme, mashine ikashusha kwa mara ya mwisho. Chini ya miezi mitano kabla, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia kwa programu hiyo hiyo na kuua watu 189. Hadi ajali hiyo ya kwanza, vitabu walivyopewa marubani havikuwa vimewaeleza kwamba MCAS ipo.

Sasa kumbukeni kilichosemwa baadaye. Mei mwaka huo, katika kikao cha Bunge la Marekani, mbunge mmoja alisimama akasema kwamba marubani waliofunzwa Marekani wangeimudu hali ile. Rubani mkuu alikuwa na saa zaidi ya elfu nane za kuruka. Ni kweli kwamba wachunguzi wa Marekani na Ufaransa walitaka ripoti ya Ethiopia ieleze zaidi kuhusu matendo ya marubani, na hoja yao ina uzito wake wa kitaalamu. Lakini tazameni mpangilio wa shutuma: kwanza Mwafrika aliyeketi kwenye usukani, kisha, baada ya miezi na miaka ya nyaraka kuvujishwa na familia kuandamana, ndipo programu. Januari 2021 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 ili mashitaka ya jinai yaahirishwe. Mtu mmoja tu, rubani wa kiufundi wa kampuni, ndiye aliyeshitakiwa binafsi, na mwaka 2022 baraza la mahakama lilimwachia huru. Watu 346 wamekufa katika ajali mbili, na hakuna mwanadamu hata mmoja aliyetiwa hatiani.

Kama rubani mwenye saa elfu nane, kinasa sauti, kinasa safari na serikali nyuma yake alilazimika kusubiri hivyo ili mashine ishitakiwe badala yake, mwalimu wa hesabu pale Ikungi anasubiri nini?

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Ilitungwa kwa kudhani, na wakati ule ilikuwa dhana sahihi, kwamba gari haliwezi kutenda jambo ambalo dereva hakulitenda. Makosa yote makubwa ndani yake yanamhusu mtu anayeendesha. Waingereza, ambao sheria zetu nyingi zina damu yao, walitunga sheria mpya mwaka 2024 inayosema kwamba gari lililoidhinishwa kujiendesha likikosea likiwa linajiendesha, mtu aliye ndani hashitakiwi kwa namna lilivyoendeshwa. Jukumu linahamia kwa kampuni iliyoombewa idhini. Ni hatua kubwa. Lakini hata sheria hiyo isingemsaidia mwenzangu, kwa sababu gari lake si la kujiendesha. Ni gari la ngazi ya sifuri lililojiamulia kwa sekunde mbili. Kwa hiyo ndugu zangu wanasheria wa wizara, msije mkainakili ya London na kurudi nyumbani mkidhani kazi imekwisha. Gari letu ni jingine.

Ningependa kwanza tuanze na ushahidi, maana bila ushahidi sheria ni porojo. Magari mengi ya kisasa yana kifaa kinachonasa sekunde za mwisho kabla ya mgongano mkubwa: mwendo, na kama kanyagio la breki lilikanyagwa au la. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, unalazimisha kila gari dogo jipya linalouzwa huko liwe nacho. Gari la mwenzangu huenda lilinasa na huenda halikunasa. Hatukupata mtu mkoani wa kulifungua atuambie. Na ushahidi huo usiachwe mikononi mwa mwenye mashine peke yake. Oktoba 2023 teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise, San Francisco, ilimburuta kama mita sita mwanamke aliyekuwa amegongwa na gari jingine, na kampuni ikapeleka kwa mamlaka ripoti isiyotaja kuburutwa huko. Ilikuja kukiri. Kama California inadanganywa, tusijifanye wajanja kuliko California.

Tuna uzoefu wetu pia, na hatuutumii. LATRA inafuatilia mabasi ya mikoani kwa mfumo unaoonyesha mwendo wa kila basi, na dereva anayevuka kilomita 80 kwa saa anajua kwamba kuna mtu anamwona. Madereva wanaulalamikia, wengine wanauchezea na kufungiwa, lakini tumejifunza jambo: serikali ya Tanzania inaweza kusoma taarifa za chombo cha moto kikiwa barabarani. Kilichobaki ni kuielekeza kompyuta ile ile itazame pia mashine, maana hadi leo imetumika kumtazama dereva tu. Na TBS, inayokagua magari yaliyotumika, iulize swali moja la ziada: kamera ya gari hili inaona sawasawa? Maana kioo cha mbele kikishavunjwa na kokoto na kubadilishwa na fundi wa mtaani, kamera iliyokaa nyuma yake inapaswa kupimwa upya kwa vifaa maalumu. Kioo cha mwenzangu kilibadilishwa mwaka juzi, kazi safi, bei nzuri. Fundi hakujua kwamba ameligusa jicho la gari, wala hakuna chuo kilichowahi kumweleza.

Narudi Ikungi, maana kesi yenyewe imeishia mahali ambapo sikupategemea.

Mwenzangu ana bima ndogo, ile ya kulipa watu wengine. Bima hiyo hulipa pale aliyekatiwa anapokuwa na kosa. Kijana wa bodaboda hana bima ya maana, ana mke na mtoto mchanga, na mguu wenye vyuma. Mwenzangu akishikilia ukweli, kwamba hakufunga breki, na akaaminiwa, basi hana kosa. Na kama hana kosa, kijana hana wa kumdai; atabaki ndiye aliyefuata gari kwa karibu mno. Mtengenezaji yuko Japani, aliyeuza gari yuko Dar es Salaam na risiti inayosema limeuzwa lilivyo. Nilimsihi mwenzangu tuandike barua, tutafute wakili, tuifanye kesi ya mfano. Nilikuwa na hamu, nakiri, ya kuona jina la nchi yetu kwenye majarida ya sheria.

Aliniuliza kesi ya mfano huchukua miaka mingapi. Nikamwambia. Akauliza yule kijana atakula nini katika miaka hiyo.

Wiki iliyofuata alikwenda kituoni, akaomba kubadili maelezo yake. Nilikuwa nimeketi kando yake kwenye benchi. Aliandika kwa mwandiko ule ule anaoutumia ubaoni, herufi zimesimama wima: kwamba siku hiyo alihamanishwa na vumbi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyefunga breki. Alilipa faini, akapewa risiti. Faili sasa liko kwa kampuni ya bima.